Kando ya Mto Bila Kuondoka Nairobi: Michuki, Arboretum, Karura au Oloolua?

Mwambie mtu wa Nairobi kwamba Jumamosi unakwenda kukaa kando ya mto, atakuuliza: "Mto upi? Ule wa Gikomba?" Ana haki ya kuuliza. Mito ya jiji hili imebeba mengi ambayo mto haukuumbiwa kubeba. Hata hivyo Nairobi ni mji wa mito mingi kuliko wakazi wake wanavyokumbuka. Inateremka kutoka upande wa Kikuyu, Dagoretti na Ngong, inakatiza mitaa ya matajiri na ya maskini bila kubagua, kisha inaelekea mashariki kuungana na Athi. Njiani kuna sehemu kadhaa ambapo miti bado imesimama, kuna pa kukalia, na unaweza kutandika leso yako chini bila askari kukuuliza umetumwa na nani.

Sehemu nne hutajwa kila mtu akiuliza: Michuki Memorial Park pale karibu na mzunguko wa magari wa Globe, Nairobi Arboretum jirani na Ikulu, Msitu wa Karura, na Oloolua kule Karen. Watu wengi hukwama kati ya mbili au tatu kati ya hizi, kisha jioni inafika wakiwa bado kwenye kochi. Ulinganisho huu ni wa hao.

Kuna jambo moja utaliona likijirudia. Kadiri unavyosogea mbali na katikati ya mji ndivyo maji yanavyopendeza, na ndivyo safari inavyokula pesa na muda wako. Kwa hiyo swali la kweli ni umbali gani uko tayari kuulipia siku hiyo, kwa nauli, kwa saa na kwa miguu.

Nimepima kwa vigezo gani

Maji yenyewe: unayaona, unayasikia, na je, unayanusa? Utulivu: sauti za watu na za magari. Kufika na kulipa. Nani anaweza kutembea pale, yaani watoto, wazee, wanaokimbia na wenye mbwa. Chakula. Mwisho usalama na mvua, ambavyo hapa kwetu haviachani. Uzuri wa picha nimeuacha nje. Simu za siku hizi zinaweza kuipendezesha hata stendi ya matatu.

Zijue kwanza

Michuki Memorial Park imebeba jina la John Michuki, yule yule Waziri wa Uchukuzi aliyeleta mikanda ya usalama na vidhibiti mwendo kwenye matatu mwaka 2004. Baadaye alikuwa Waziri wa Mazingira, na kuanzia 2008 alisimamia kazi ya kusafisha ukingo huu wa Mto Nairobi uliokuwa jaa la taka. Alifariki Februari 2012, mahali pakadorora, kisha pakarekebishwa na kufunguliwa upya Agosti 2020 kwa jina lake. Ni ukanda mwembamba wa kijani unaofuata mto kati ya mzunguko wa Globe na upande wa Museum Hill.

Arboretum ni mzee wa kundi hili. Ilianzishwa mwaka 1907, reli ilipokuwa ikila kuni kwa wingi na serikali ya kikoloni ikitaka kujua miti gani ya kigeni inakua haraka kwenye udongo wa Nairobi. Treni za kuni zimekwisha, miti imebaki: zaidi ya aina 350 kwenye hekta 30 hivi, mingine ikiwa bado na vibao vya majina. Mto Kirichwa Kubwa unapita bondeni.

Karura haihitaji utambulisho mrefu. Ni zaidi ya hekta elfu moja za msitu, sehemu kubwa ikiwa kati ya Barabara ya Limuru na ya Kiambu, msitu ambao Wangari Maathai na wenzake walipigwa wakiutetea Januari 1999, wakati vipande vyake vilikuwa vikigawiwa wajenzi wa majumba. Vijito kadhaa vinaukata, vikiwemo Thigiri, Ruaka na Gitathuru.

Oloolua ndiyo isiyojulikana sana. Ni njia ya miguu ya kilomita tano hivi ndani ya msitu unaotunzwa na taasisi ya utafiti wa nyani na kima, kwenye ukingo wa Mto Mbagathi, kule ambako Nairobi inapakana na Kajiado. Maji hayo hayo yakiendelea mbele ndiyo yanayochora mpaka wa kusini wa Mbuga ya Taifa ya Nairobi.

Maji

Nianze na ukweli unaouma: hakuna hata moja kati ya hizi nne ambapo ningemruhusu mtoto kuoga mtoni. Hata pale maji yanapoonekana safi, huko juu kuna mitaa, mashamba na mabomba ya maji taka. Kunawa uso pia acha. Tunakwenda kuutazama mto na kuusikiliza, hayo yanatosha.

Michuki unaukaribia mto kuliko kwingineko kote. Benchi ziko hatua chache tu kutoka ukingoni, mianzi imepandwa kushika udongo, na ukisimama juu ya daraja la miguu unaona maji yanavyogonga mawe. Lakini ni Mto Nairobi ukiwa tayari umepita mitaa mingi, na siku nyingine harufu inakukumbusha. Watu hudhani harufu huwa mbaya zaidi wakati wa mvua. Mara nyingi ni kinyume chake. Januari na Februari mto ukipungua, maji safi ni machache na uchafu uko pale pale, kwa hiyo mchanganyiko unakuwa mkali. Baada ya mvua kubwa mto unasukumwa na kupata pumzi, ingawa ukingoni utakuta chupa na vitambaa vilivyonaswa kwenye mizizi ya mianzi kwa urefu ule ule maji yalipofika.

Arboretum unaweza kutembea nusu siku usijue kuna mto. Nyasi, vivuli na njia kuu viko juu, Kirichwa Kubwa uko chini kabisa, umefichwa na vichaka. Lazima uteremke kuutafuta. Ukiufikia ni kijito cha kiasi, kinachosikika zaidi ya kuonekana. Mtu anayekwenda kwa ajili ya mto peke yake atarudi amenung'unika. Anayekwenda kwa ajili ya miti, na mto uwe nyongeza, ataridhika.

Karura ina maporomoko ambayo kila mgeni lazima apelekwe. Unatembea kwenye njia pana ya udongo mwekundu ukifuata nguzo zenye namba za njia panda (piga picha ramani iliyoko langoni, utaishukuru), kisha njia inabana, inashuka, na sauti inakujia kabla ya maji. Hapo hewa inabadilika, inakuwa ya baridi na unyevu, na mawe yana rangi ya kijani ya kuvu. Karibu na hapo kuna mapango yanayosemekana kutumiwa na wapiganaji wa Mau Mau. Rangi ya maji hutegemea siku: wakati wa mvua ni kama chai ya maziwa, wakati wa kiangazi yanakonda. Kuna pia ziwa dogo la mayungiyungi kwa anayependa maji yaliyotulia.

Oloolua, kwa maoni yangu, ndiko mto unakohisi kama mto. Njia inaandamana nao kwa kitambo, inauacha, inaurudia. Kuna maporomoko ya futi 20 hivi, mafunjo sehemu yenye kinamasi, kichaka cha mianzi chenye mahali pa kupumzikia, na pango ambalo nalo lina hadithi zake za Mau Mau. Maporomoko yake si makubwa kuliko ya Karura, lakini huyatazami juu ya mabega ya watu ishirini wanaopiga picha.

Utulivu

Hapa siku ya wiki ina uzito kuliko mahali.

Karura Jumapili saa nne asubuhi ni mji mwingine kabisa: baiskeli, vikundi vya kanisa, mbwa wa kila umbo, kampuni zimeleta wafanyakazi wao kuvuta kamba. Karura hiyo hiyo Jumanne saa moja asubuhi utamkuta paa amesimama katikati ya njia anakutazama wewe mgeni. Uzuri wake ni ukubwa. Hata Jumapili, ukiipita njia kuu inayokwenda kwenye maporomoko, ukatembea dakika ishirini zaidi, umati unakwisha. Kipande cha Sigiria, ng'ambo ya Barabara ya Limuru, hupata watu wachache zaidi na wengi husahau kwamba nacho ni Karura.

Arboretum ina kelele za aina yake. Asubuhi na mapema ni wakimbiaji. Mchana ni wanafunzi wa chuo wenye vitabu ambavyo havifunguliwi. Jumapili ni waombaji. Chini ya mti mmoja kuna mtu anakemea mapepo kwa sauti ya kuangusha majani, na mita hamsini tu kutoka kwake mtoto anapuliza mishumaa ya keki. Wengine hukereka. Mimi naona kila mmoja amekuja na haja yake, na mti haujalalamika.

Michuki haiwezi kukupa ukimya, usidanganywe na picha. Magari ya Globe yako juu ya kichwa chako, honi za matatu za Ngara zinafika hadi kwenye benchi. Inachokupa ni mahali pa kuketi palipo kijani wakati umechoshwa na River Road, na hilo si dogo. Saa saba mchana utaona wafanyakazi wa maduka wamelala kwenye nyasi, viatu vimewekwa chini ya kichwa, usingizi wa haki kabisa. Wikendi kuna wapiga picha na maharusi.

Oloolua katikati ya wiki unaweza kuwa na msitu mzima peke yako, wewe na kima. Wikendi huja familia na wanaopiga kambi, lakini njia ni ndefu, watu hutawanyika.

Kufika na kulipa

Michuki unafika kwa miguu ukiwa mahali popote mjini, ndiyo nguvu yake kuu. Tangu kufunguliwa upya imejulikana kama mahali pa kuingia bila kufikiria mfuko.

Arboretum ni kama kilomita tatu kutoka katikati ya mji. Mtu mwenye miguu mizuri atapanda State House Road bila kuhitaji gari. Asiyetaka kupanda mlima apande matatu za Kileleshwa, zile za namba 48, ashuke karibu. Kiingilio chake ni kidogo kuliko cha Karura.

Karura ina malango kadhaa, na kosa la wageni ni kuelewana "tukutane Karura" bila kusema lango gani. Aliyeshuka Kiambu Road kwa matatu ya namba 100 na aliyeshuka Limuru Road wametenganishwa na msitu mzima. Kiingilio cha mwananchi si cha kutisha, ila mkazi wa nje na mgeni hulipa zaidi, maegesho ni juu yake, na baiskeli ukikodisha ni juu yake tena. Malipo ni kwa simu. Mwaka 2025 suala la ada hizi kupitishwa eCitizen, mfumo wa serikali wa malipo mtandaoni, lilizua mvutano mkubwa wa hadharani, kwa hiyo angalia utaratibu wa sasa kabla hujatoka, na uwe na bando. Foleni ya langoni mara nyingi husababishwa na mtu mmoja anayesubiri mtandao.

Oloolua ndiyo safari. Kutoka mjini unachukua matatu ya 24 kupitia Lang'ata au ya 111 inayokwenda Ngong, unashuka Karen, kisha boda. Patana na mwenye boda bei ya kwenda na ya kurudi, uombe namba yake, kwa sababu kurudi hutamkuta langoni akikusubiri. Ukijumlisha nauli, boda na kiingilio, kwa mtu asiye na gari hii ndiyo ghali kuliko zote nne. Kwa familia yenye gari inayoishi Rongai, Ngong au Lang'ata hesabu inapinduka: Oloolua inakuwa jirani, Karura inakuwa safari.

Nani anaweza kutembea huko

Mzee wa magoti mabaya, mama mwenye mtoto wa kigari, mtu wa kiti cha magurudumu: Michuki ndiyo rahisi, njia zimetandazwa na hakuna milima ya kusema. Arboretum nayo inawezekana maadamu mnabaki juu na msijaribu kuteremka mtoni. Karura njia zake kuu ni pana na za wastani, mzee anayetembea kila siku atazimudu, lakini mteremko wa maporomoko si wake. Oloolua ina vipande vyembamba, mizizi na ngazi za kushuka. Usimpeleke bibi yako kwa kumwambia ni bustani.

Watoto wa umri wa miaka minne hadi saba hufurahia Arboretum kuliko Karura. Wazazi hushangaa nikisema hivi. Sababu ni umbali: mtoto huyo hajali maporomoko yaliyo saa moja mbele, anajali nyasi za kukimbilia sasa hivi na kima wa kumtazama. Na hapo niseme juu ya kima na tumbili. Wa Arboretum wamesoma. Nimemtazama mmoja akishuka shina taratibu, akipita pembeni mwa familia kama hana habari nao, kisha mkono ukaingia kwenye mfuko wa karatasi, ukatoka na pakiti ya crisps. Hakuirarua. Aliishika kwa mikono miwili, akaivuta kwa juu ilivyo sahihi, akaketi kwenye tawi akila moja moja huku mwenye pakiti akipiga kelele chini. Funga chakula, usiwalishe, na mtoto asishike ndizi mkononi.

Wanaokimbia na waendesha baiskeli: Karura, bila mjadala mrefu. Mwenye mbwa: Karura, akiwa kwenye kamba. Mtazamaji ndege ana raha kokote. Shorobo wenye mabawa mekundu wanaonekana Karura na Arboretum, mdiria anapenda kingo za maji, na kwarara watakupigia kelele utake usitake. Asiyejua ndege na anataka kuanza, shirika la Nature Kenya huwa na matembezi ya ndege Jumatano asubuhi yanayoanzia Makumbusho ya Taifa, juu kidogo tu ya Michuki. Mbega weusi kwa weupe, waliorudishwa Karura kutoka milima ya Kipipiri, ni wa kuwatafuta juu ya miti kwa subira.

Chakula

Karura ina mkahawa ndani, mzuri na wenye bei ya watu wa Muthaiga, mtaa wa matajiri. Michuki unatoka nje hatua chache unapata mahindi ya kuchoma, mayai na soseji za smokie. Arboretum kuna wauzaji wa vitu vidogo vidogo karibu na lango. Oloolua beba kila kitu, nunua Karen kabla hujapanda boda.

Kubeba kuna sheria. Tangu Juni 5, 2020, plastiki ya kutumia mara moja haitakiwi katika misitu na mbuga zilizohifadhiwa: chupa zile za maji za dukani, sahani, vikombe, mirija. Tia maji kwenye chupa ya bati, chapati kwenye hotipoti, pilau kwenye sufuria yenye mfuniko. Bibi zetu walikwenda safari hivyo miaka yote na hakuna aliyekufa kwa njaa.

Usalama na mvua

Karura ya miaka ya tisini watu waliiogopa, na walikuwa na sababu. Leo imezungushiwa uzio wa umeme na ina walinzi wanaozunguka. Mwanamke anayekimbia peke yake asubuhi ni jambo la kawaida. Hata hivyo msitu unafungwa jioni, na ukiwa upande wa pili wa maporomoko saa kumi na moja na nusu, utatembea kwa mwendo wa jeshi. Arboretum iko salama mchana. Jioni ondoka na wenzako. Michuki ndani hapana shida ya mchana, tahadhari ni nje, kwenye vivuko vya Globe na Ngara, ambapo simu inatakiwa ikae mfukoni kama kawaida ya mjini. Oloolua nenda na mtu, sababu kubwa ikiwa ni kwamba ukiteguka mguu utangoja sana mpita njia.

Mvua sasa. Mvua za Machi hadi Mei na zile za Oktoba hadi Desemba hubadilisha mahali hapa pote. Mwaka 2024, Aprili na Mei, mito hii ilionyesha kwamba bado ina nguvu ya kuvunja nyumba na kuua. Jambo wengi wasilolijua ni kwamba mto unaweza kujaa huku juu yako kuna jua. Mvua imenyesha Kikuyu au Dagoretti, paa na lami vimeikataa, yote imeingia bondeni, na inakufikia baadaye. Ukiona maji yamebadilika rangi ghafla, au vijiti na majani vinaanza kupita kwa wingi, panda juu, usingoje kuhakikisha. Michuki na njia ya chini ya Oloolua ndizo za kuepuka siku kama hizo. Karura inateleza, udongo ule mwekundu unashika kwenye soli mpaka unatembea na viatu viwili ndani ya kimoja. Arboretum juu ndiyo inayovumilia mvua kuliko zote.

Miezi ninayoipenda ni Juni mwanzoni na Januari mwanzoni. Mvua imeacha, njia zimekauka, lakini mto bado una maji ya kutosha kusikika. Julai ni baridi na mawingu, inafaa kutembea, haifai kukaa.

Basi wewe nenda wapi?

Una saa moja tu kati ya kikao na kikao, au umetoka benki na kichwa kinagonga: Michuki. Kwenda Karura kwa saa moja ni kulipa kiingilio ili ugeuze gari.

Una watoto wadogo na shangazi aliyetoka mashambani, na mnataka kukaa chini na kula: Arboretum, Jumamosi asubuhi kabla ya saa nne. Ukipenda mto, mwachie shangazi watoto uteremke Kirichwa kwa dakika kumi.

Mna siku nzima, kundi lina vijana, mwingine anataka baiskeli na mwingine anataka kahawa: Karura. Chagueni lango kabla ya kutoka nyumbani, anzeni na maporomoko kabla jua halijapanda, maana saa tano watu wanajaa.

Unataka kunyamaza. Umeachwa, umefiwa, umemaliza mtihani, au umechoka tu na sauti za watu: Oloolua katikati ya wiki, na rafiki mmoja asiyependa kuzungumza. Huna gari na Oloolua imekushinda? Karura upande wa Sigiria, asubuhi mapema, itakaribia kukupa hilo.

Unaishi Ruaka au Kiambu, usihangaike kuvuka mji kwa sababu ya kusoma sifa za Oloolua. Unaishi Rongai, usihangaike na Karura. Msongamano wa Lang'ata Road Jumamosi jioni utakuondolea utulivu wote uliokwenda kuutafuta.

Mgeni wako ametoka Mombasa au Dar es Salaam na ana siku moja ya kuona kijani cha Nairobi: Karura asubuhi. Akiwa bado na nguvu, teremkeni Michuki jioni kabla ya giza, aone na mto wa mjini ulivyo. Mwambie mapema juu ya harufu.

Na anayetaka mto wenye viboko, hakuna kati ya hizi nne. Huyo aende Mbuga ya Taifa ya Nairobi, kwenye mabwawa ya viboko, ambapo unashuka garini na kutembea kando ya maji ukiwa na askari wa wanyamapori. Atahitaji gari na kiingilio cha mbuga, na bajeti ya siku hiyo aipange upya kutoka mwanzo.